Meneja mpya wa mradi achague cheti gani? Mwongozo kutoka Nakawa

Wahitimu wengi wanaoingia katika usimamizi wa miradi mjini Kampala hukutana na majina ya vyeti kabla hawajafahamu tofauti zake. Makala hii inafafanua vyeti vinavyotajwa mara nyingi, masharti yake, na namna ya kuchagua bila kupoteza fedha.

Mambo muhimu
- Hakuna cheti kimoja kinachofaa kila meneja. Kazi inayokusudiwa ndiyo huamua.
- PMP hudai uzoefu wa miaka kadhaa, lakini CAPM na PRINCE2 ya ngazi ya msingi huwapokea wanaoanza.
- Ada ya mtihani ni sehemu tu ya gharama. Vyeti vingi huhitaji kuhuishwa kila baada ya muda.

Nakawa, mashariki mwa jiji la Kampala, ni mahali ambapo darasa na ofisi vimekaa ujirani. Kando ya barabara ya Port Bell kipo Chuo cha Biashara cha Makerere, MUBS, kilichoundwa mwaka 1997. Katika eneo hilohilo yapo makao makuu ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, viwanda, na chuo cha ufundi kilichojengwa kwa msaada wa Japani. Kijana anayehitimu hapo haendi mbali kumtafuta mwajiri. Ila matangazo ya kazi anayoyasoma hutaja PMP, PRINCE2 au Scrum, na mara nyingi hayaelezi kwa nini.

Uamuzi huo si mdogo. Ada za mitihani hii hutozwa kwa fedha za kigeni, ilhali mshahara wa anayeanza kazi ni wa shilingi na mara nyingi una wategemezi wengi. Akichagua vibaya, fedha ambazo zingelipa karo ya mdogo wake huishia kwenye cheti ambacho mwajiri wake hakihitaji.

Cheti si leseni

Nchini Uganda mhandisi au daktari hufanya kazi chini ya sheria inayomtaka asajiliwe. Meneja wa miradi hana sharti la namna hiyo. Vyeti vinavyozungumziwa hapa hutolewa na vyama na kampuni za kimataifa, na thamani yake hutokana na imani ya waajiri.

Vyeti hivyo visichanganywe na masomo ya chuo. Shahada na stashahada huidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lenye ofisi zake Kyambogo, ndani ya tarafa ya Nakawa. Stashahada ya uzamili ya mipango na usimamizi wa miradi, kama ile ya Taasisi ya Usimamizi ya Uganda iliyopo barabara ya Jinja, huchukua muda mrefu na hufunza mambo mapana. Cheti cha taaluma hupima ujuzi mahususi kwa mtihani wa saa chache.

PMP na CAPM

Vyeti hivi viwili hutolewa na PMI, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969. PMP kilianza kutolewa mwaka 1984 na ndicho kinachojulikana zaidi duniani. Mwenye shahada hutakiwa kuwa ameongoza miradi kwa miezi 36. Aliyeishia sekondari hutakiwa miezi 60. Wote wawili huhitaji pia saa 35 za mafunzo. Mtihani una maswali 180.

Cheo cha meneja si sharti. Mtu aliyeratibu ujenzi wa madarasa au ufungaji wa mfumo wa kompyuta, akapanga ratiba, bajeti na watu, anaweza kuuhesabu muda huo. Hata hivyo asiuongeze kwa kubuni, kwa kuwa PMI huteua baadhi ya maombi na kuyakagua, na mwombaji hutakiwa kuleta uthibitisho.

Kwa ambaye hajafikia kiwango hicho kipo CAPM. Masharti yake ni cheti cha sekondari na saa 23 za mafunzo, bila uzoefu wa kazi. Mtihani una maswali 150 kwa muda wa saa tatu.

PRINCE2

PRINCE2 ilitoka serikalini Uingereza mwaka 1996 na sasa inamilikiwa na kampuni ya PeopleCert. Huu ni utaratibu wa kuendesha mradi: nani huamua, mradi hugawanywaje katika hatua, na ni lini usitishwe iwapo faida yake haionekani tena. Ngazi ya msingi haidai uzoefu wowote, na mtihani wake una maswali 60 kwa dakika 60. Ngazi ya pili hupima uwezo wa kuutumia utaratibu huo katika mradi wenyewe. Cheti hiki hueleweka zaidi katika ofisi zenye mazoea ya Uingereza.

Mashirika ya misaada na kazi za programu

Anayelenga mashirika yasiyo ya kiserikali afikirie Project DPro, cheti kinachosimamiwa na PM4NGOs. Kiliandaliwa kwa ajili ya miradi ya maendeleo, yenye wafadhili, wanajamii na ripoti za matokeo. Kitabu chake cha mwongozo hupatikana bure kwenye intaneti, hivyo mtu anaweza kukisoma kwanza na kulipia mtihani baadaye.

Katika kampuni za programu za kompyuta hutajwa zaidi Scrum, njia ya kufanya kazi kwa vipindi vifupi na kupokea maoni ya mteja mapema. Mwongozo wake nao ni wa bure. Cheti cha PSM I hakidai kuhudhuria kozi wala hakiishi muda, lakini CSM hudai kozi na huhuishwa kila baada ya miaka miwili.

Suala la lugha

Kwa wasemaji wa Kiswahili, hasa waliosoma Kongo na sasa wanaishi Kampala, lugha ni kikwazo cha kweli. Kiswahili si miongoni mwa lugha za mtihani wa PMP. Kifaransa na Kiarabu zimo. Aliyesoma kwa Kifaransa hana sababu ya kujilazimisha kufanya mtihani kwa Kiingereza, ingawa atahitaji Kiingereza kazini Uganda.

Namna ya kuamua

Hatua ya kwanza ni kukusanya matangazo kama 20 ya kazi inayotamaniwa na kuhesabu vyeti vinavyotajwa. Wakandarasi wasome pia nyaraka za zabuni, kwani humo huandikwa sifa za watumishi wanaotakiwa. Miradi mikubwa yenye kampuni za kimataifa, kama bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, haitafuti lazima sifa zilezile zinazotafutwa na shirika dogo la afya.

Hatua ya pili ni kuandika gharama yote: mafunzo, mtihani, kurudia mtihani na kuhuisha. Mwenye PMP hutakiwa kukusanya pointi 60 za kujiendeleza kila baada ya miaka mitatu. Mwenye CAPM, pointi 15. Ni busara pia kumuuliza mwajiri kama atachangia.

Hatua ya tatu ni kujihadhari na walaghai. Anayeahidi cheti bila mtihani, au anayeuza maswali yaliyoibwa, anamweka mteja wake katika hatari ya kufutiwa cheti. PMI na PeopleCert zina njia za kuhakiki vyeti kwenye intaneti, na mwajiri anaweza kuzitumia wakati wowote.

Asiye na uzoefu na asiyejua bado sekta atakayoingia anaweza kuanza na miongozo ya bure huku akiweka kumbukumbu ya kila mradi anaoshiriki: tarehe, majukumu, na jina la msimamizi anayeweza kuthibitisha. Baada ya miaka mitatu, kumbukumbu hiyo ndiyo itakayojaza fomu ya maombi ya PMP.