Faraja ya Mtu Mwenye Huzuni

Somo letu ni 2 Wakorintho 1:3-7, ambapo Mtume Paulo anatuambia kwamba Mungu hutufariji katika dhiki ili nasi tupate kuwafariji wengine. Tulisomapo twamkumbuka Zacharias Ursinus. Wengi wetu hatulijui jina hilo, hata sisi tuliofundishwa kwa kazi ya mikono yake.

Alizaliwa mwaka 1534 katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wroclaw nchini Poland. Jina la ukoo wake lilikuwa Baer, maana yake dubu, naye akaligeuza kuwa la Kilatini kama walivyofanya wasomi wa siku zile. Lakini ukali wa dubu hakuwa nao. Alikuwa mtu wa haya, mwepesi wa kuhuzunika, tena hakupenda mabishano. Akiwa na miaka 15 alikwenda Wittenberg kusoma kwa Philipp Melanchthon.

Aliporudi kwao kufundisha alikuta ugomvi juu ya Meza ya Bwana. Je, mwili wa Kristo umo katika mkate wenyewe, au twamshiriki Kristo kwa imani, kwa kazi ya Roho Mtakatifu? Meza ya umoja ilikuwa imegeuzwa kuwa uwanja wa vita, na ugonjwa huo, ndugu zangu, haukuwa wa wazee wale peke yao. Ursinus alilaumiwa sana. Mwaka 1560 akauacha mji wake, akaenda Zurich, na mwaka uliofuata akaitwa Heidelberg na Frederick wa Tatu, mtawala wa nchi ya Palatinate huko Ujerumani.

Frederick alitaka kitabu kimoja cha mafundisho kwa makanisa na shule zake. Watu kadhaa waliishiriki kazi hiyo, lakini mkono wa Ursinus ndio uliofanya sehemu kubwa, naye alikuwa kijana wa miaka 28 tu. Katekisimo ya Heidelberg ilitoka mwaka 1563, yenye maswali 129, yakapangwa kwa Jumapili 52 ili yafundishwe mwaka mzima.

Na tutazame inavyoanza. Ingaliweza kuanza na Amri Kumi, au na fundisho la Utatu. Badala yake, swali la kwanza kabisa ni juu ya faraja: mtu anayo nini ya kumfariji akiwa hai na akifa? Tena linamwuliza mtu mmoja, si kusanyiko. Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba yeye ni mali ya Kristo. Mtu mwenye moyo mkunjufu huenda asingalifikiri kuanzia hapo.

Mwaka ule ule katekisimo ilitafsiriwa kwa Kiholanzi, ikasafiri mbali. Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908 walitoka katika makanisa yaliyoitumia.

Kazi ilimlemea Ursinus. Husimuliwa kwamba aliandika mlangoni pa chumba chake akimwomba mgeni aseme kwa ufupi, au aende zake, au amsaidie kazi. Kisha mwaka 1576 Frederick akafa. Mwanawe Ludwig, aliyeshika upande wa Kilutheri, akawaondoa wachungaji na walimu wa baba yake, mamia yao, na Ursinus akiwamo. Kwa mara ya pili akafunga mizigo kwa sababu ya meza ile ile.

Alipokelewa Neustadt na Johann Casimir, mwana mwingine wa Frederick, ambako shule mpya ilifunguliwa mwaka 1578. Huko alifundisha akiwa mgonjwa, mpaka alipofariki tarehe 6 Machi 1583, mwenye umri wa miaka 48. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Ludwig naye akafa. Johann Casimir akashika utawala, na mlango wa Heidelberg ukafunguliwa tena kwa wale waliofukuzwa. Ursinus alikuwa amekwisha kuzikwa Neustadt.