Upimaji wa Maelezo ya Zana Zinazotumiwa na Mawakala wa Akili Mnemba

Wakala wa akili mnemba ni programu inayotekeleza kazi kwa kuita zana, yaani programu nyingine, kama vile ya kutafuta kumbukumbu au kutuma malipo. Kwa kawaida wakala haoni msimbo wa zana hizo. Husoma jina, maelezo mafupi na orodha ya taarifa zinazohitajika. Ndivyo ulivyo utaratibu wa Model Context Protocol, uliotangazwa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024.

Ili kupima maelezo, wakala hupewa maombi ambayo majibu yake yanajulikana, kisha hubadilishwa maneno ya maelezo pekee. Huangaliwa iwapo amechagua zana sahihi na kujaza taarifa ipasavyo. Maelezo yasiyotaja mpangilio wa tarehe, kwa mfano, huacha 03/04 isomeke Aprili 3 au, kwa desturi ya Marekani, Machi 4. Malipo yanaweza kutoka siku isiyo yake. Kigumu zaidi ni kujizuia. Upimaji wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hujumuisha maswali yasiyo na zana inayofaa, ambapo jibu sahihi ni kutoita yoyote.

Maelezo marefu si lazima yawe bora. Aidha, maagizo ya hila huweza kufichwa humo, hivyo zana kutoka nje zinapaswa kukaguliwa kabla ya kuunganishwa na mifumo.