Barbara Cartland, mama wa hadithi za mapenzi safi

Barbara Cartland alizaliwa mwaka 1901 huko Birmingham, Uingereza. Baba yake aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1918, mama akafungua duka la nguo London ili kulea watoto. Barbara alianza kwa kuandikia magazeti; kitabu chake cha kwanza kilitoka miaka ya 1920.

Katika hadithi zake kijana na binti wanapendana, lakini hawalali pamoja mpaka waoane. Toka mwanzo msomaji anajua kama mambo itaisha vizuri.

Maisha yake mwenyewe hayakuwa hivyo. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika. Mwaka 1940 vita ikachukua wadogo zake wawili, Ronald na Anthony, karibu na Dunkirk, mmoja leo, mwingine kesho yake. Hakuacha kuandika.

Alifanya kazi namna gani? Kwanza alisoma vitabu vya historia, sababu hadithi zake nyingi ni za zamani. Kisha, baada ya chakula cha mchana, alilala kwenye kiti kirefu, mbwa pembeni. Yeye anasema, sekretere anaandika. Jioni sura moja imekwisha, na kwa wiki mbili hivi, kitabu kizima. Kuna mwaka alitoa vitabu 23.

Wengi walimcheka: hadithi ni ile ile, majina tu ndiyo yanabadilika. Wasomaji waliendelea kununua. Alipofariki mwaka 2000, akiwa na miaka 98, alikuwa ametoa vitabu zaidi ya 700, na vingine 160 vilikuwa bado kuchapishwa.