Namba za Viwanda: Kutoka SIC hadi NAICS

Katika miaka ya 1930, idara za serikali ya Marekani zilihesabu biashara zilezile kwa makundi tofauti, na takwimu zao hazikulingana. Mwaka 1937 ikaundwa kamati ya pamoja, na kufikia 1939 orodha za kwanza za SIC, mfumo wa kuainisha viwanda, zilikuwa tayari. Kila shughuli ikapewa namba: tarakimu mbili za mwanzo hutaja kundi kubwa, zinazofuata hulichambua. Umoja wa Mataifa uliweka mfumo wake, ISIC, mwaka 1948.

Mwaka 1997 Marekani, Kanada na Meksiko zilipitisha mfumo mpya wa pamoja, NAICS, wenye tarakimu sita. Hapa ndipo mtafiti anapohitaji umakini mkubwa. Bekari inayooka mikate na kuiuza papo hapo ilikuwa 5461 katika SIC, yaani biashara ya rejareja. Sasa ni 311811, yaani uzalishaji, kwa kuwa NAICS hutazama jinsi kazi inavyofanyika. Asiyejua hilo, akilinganisha takwimu za kabla na baada, atadhani viwanda vimeongezeka, ilhali matanuri ni yaleyale. Wala SIC haijatoweka: tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani bado huitumia kupanga kampuni.