Maria Asiyekuwepo

Fungua atlasi pale juu kabisa, Siberia inapokwisha, utaikuta Bahari ya Laptev. Ni barafu tupu miezi tisa hivi ya mwaka, na Januari baridi hufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Zaidi ya nusu yake haina kina cha hata mita 50. Mto Lena humwaga humo maji yasiyo na chumvi, nayo huganda upesi.

Jina hilo ni la mwaka 1935, kwa heshima ya mabinamu Khariton na Dmitry Laptev walioipima pwani katika karne ya 18. Haya, hao wana bahari yao. Mimi ninamtafuta mwanamke.

Kabla ya Khariton, meli yake, Yakutsk, ilikuwa chini ya Luteni Vasily Pronchishchev. Iliteremka Mto Lena mwaka 1735, na mkewe akapanda ingawa hakuwamo katika orodha ya mabaharia. Walikaa majira ya baridi kwenye mlango wa Mto Olenyok, na kiangazi cha 1736 wakasonga kaskazini hadi karibu latitudo 77. Barafu ikakataa. Wakageuza. Mwisho wa Agosti luteni akafa; wiki mbili baadaye mkewe naye akafuata. Walizikwa pamoja hapo Olenyok. Miaka mingi ilisemwa bwana aliuawa na kiseyeye, lakini mifupa ilipofukuliwa mwaka 1999 ikaonekana mguu wake ulivunjika.

Na bibi je? Upande wa mashariki wa Taymyr kuna ghuba iitwayo Maria Pronchishcheva. Sasa huyo Maria ni nani? Hakuna mtu! Inasemekana kwenye ramani palikuwa na maneno “m. Pronchishcheva”, yaani rasi ya Pronchishchev, kwani neno la Kirusi la rasi ni “mys”. Mtu akaona ile “m” akasoma Maria, na vitabu vikamfuata. Ni miaka ya 1980 tu ndipo makaratasi ya zamani yalipotoa jina lake la kweli: Tatyana.

Jamani, hili linaniuma kuliko ile barafu. Amekwenda mbali vile, kafa kule, halafu herufi moja inampa sifa mtu asiyezaliwa.

Ghuba yenyewe ingali ikiitwa Maria. Kiangazi walrasi, wale wanyama wanene wenye meno mawili marefu kama ya tembo, hupanda ufukweni kujianika, na dubu weupe huwanyemelea.