Barabara ya Alaska na Watu Walioifungua

Msafiri aendaye kaskazini ya Kanada siku hizi huweza kwenda kwa motokaa kubwa yenye vitanda na jiko ndani yake. Jioni husimama karibu na mto, hupika, hulala, asubuhi huendelea. Njia yake huanzia mji wa Dawson Creek, hupita misitu na milima ya Yukon, hata huishia Delta Junction katika Alaska. Safari hiyo ni ya starehe, lakini njia yenyewe haikupatikana kwa starehe.

Mwezi wa Desemba 1941 ndege za Wajapani ziliishambulia bandari ya Pearl Harbor. Marekani ikaingiwa na hofu, kwani Alaska ilikuwa nchi yake, wala hapakuwa na barabara ya kuifikia. Basi kwa idhini ya Kanada, askari wa ujenzi walianza kazi Machi 1942. Walikuwa zaidi ya 10,000, na yapata theluthi moja walikuwa Wamarekani weusi. Zamani zile jeshi liliwatenga weusi na weupe, kila watu na kikosi chao, na wakubwa wengine walishuku kama mtu mweusi ataiweza kazi ya mashine katika baridi ile.

Ardhi nayo ilikuwa adui. Mahali pengi udongo wa chini umeganda miaka na miaka. Askari walipoondoa majani na udongo wa juu, jua liliuyeyusha ule wa chini, na matope yakazimeza motokaa. Ndipo walipojifunza kuiacha ardhi na ngozi yake, na kutandika magogo na kokoto juu yake.

Kikosi cha 95, cha askari weusi, kilinyimwa mashine nyingi kikaachiwa zana za mkono. Hata hivyo kiliujenga kwa miti daraja la mto Sikanni Chief kwa muda usiotimia siku nne.

Tarehe 25 Oktoba 1942, karibu na Beaver Creek, trekta mbili za kusukuma udongo zilikutana msituni. Moja iliendeshwa na Refines Sims, mtu mweusi. Ya pili na Alfred Jalufka, mtu mweupe. Wakapeana mikono, na njia ikawa moja.

Wenyeji wa nchi waliowaongoza wapimaji wasisahauliwe. Wageni waliwaletea maradhi, na vijiji vyao viliumia sana.

Mwaka 1948 barabara ilifunguliwa kwa watu wote. Mwaka huo huo Rais Truman aliamuru ubaguzi ukome jeshini. Amri hiyo ilikuwa na sababu nyingi, nayo kazi ya askari hawa huhesabiwa miongoni mwake. Walioshukiwa hawakujibu kwa maneno. Jibu lao ni barabara, nayo ingali ikipitwa.