Msamaha wa kodi ya ardhi na majengo Burundi: nani hunufaika, na nani hubeba gharama?

Serikali za Afrika Mashariki hutumia msamaha wa kodi kama chambo cha kuwavutia wawekezaji. Katika maeneo ya mashambani kama Gashoho, magharibi mwa mji wa Muyinga kaskazini mashariki mwa Burundi, neno "msamaha" huchanganya malipo mawili tofauti ambayo mfanyabiashara anapaswa kuyatenganisha.

Malipo ya kwanza ni ada ya kuhamisha umiliki, inayolipwa mara moja tu ardhi au jengo linapobadilisha mmiliki. Sheria ya uwekezaji ya Septemba 2008, pamoja na sheria ya 2009 iliyofafanua nafuu zake za kodi, ilimwondolea mwekezaji aliyeidhinishwa ada hiyo kwa ardhi na majengo yanayohitajika katika mradi wake. Ilimpa pia nafuu ya kodi ya 37% ya thamani ya mali alizowekeza. Sheria ya uwekezaji ilifanyiwa marekebisho mwaka 2021.

Malipo ya pili ni kodi ya ardhi na majengo inayotozwa kila mwaka. Msingi wake ni sheria ya Februari 1964, na mapato yake huingia katika hazina ya tarafa. Sheria ya Machi 2016 kuhusu kodi za tarafa ilisisitiza nafasi ya kodi hiyo miongoni mwa vyanzo vya fedha za serikali za mitaa. Kwa hiyo, msamaha wa ada ya kwanza huigusa hazina ya taifa, lakini msamaha wa kodi hii ya pili huigusa moja kwa moja tarafa inayosubiri fedha za kukarabati soko, barabara za vilimani na madarasa.

Mkuu wa tarafa hawezi kumsamehe mfanyabiashara kodi kwa hiari yake. Katiba ya Burundi inaeleza kuwa raia wote ni sawa mbele ya mizigo ya umma, na kwamba msamaha huwekwa kwa sheria pekee. Ahadi ya mdomo, hata ikitoka kwa kiongozi, haimkingi mtu pale mtoza kodi anapobisha hodi.

Nani basi hunufaika? Kwa kawaida ni yule mwenye karatasi. Sehemu kubwa ya ardhi ya mashambani nchini Burundi hurithiwa na kuuzwa kwa taratibu za kimila, bila hatimiliki. Sheria ya ardhi ya Agosti 2011 iliruhusu tarafa kuwa na ofisi za ardhi na kutoa vyeti vya umiliki, ili kuziba pengo hilo. Mwenye kinu cha kusaga nafaka asiye na cheti wala mradi ulioidhinishwa hana njia ya kudai nafuu ya sheria ya uwekezaji. Mchuuzi wa maharagwe au ndizi asiyemiliki jengo hanufaiki kabisa, kwa kuwa mzigo wake ni ushuru wa soko.

Nchi jirani ya Rwanda ilichukua njia nyingine. Badala ya kumsamehe mwekezaji mmoja mmoja, sheria yake ya 2018 iliweka viwango kwa aina ya jengo: 0.1% ya thamani kwa majengo ya viwanda, na 0.5% kwa majengo ya biashara, kiwango kilichopangwa kufikiwa hatua kwa hatua. Mwaka 2023 kiwango cha biashara kilishushwa hadi 0.3%. Ubora wa utaratibu huo ni kwamba kila mwenye kiwanda, mkubwa kwa mdogo, anajua mapema atakacholipa.

Nchini Burundi, suala hili limepata uzito mpya kutokana na mageuzi ya utawala. Sheria ya Machi 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Gashoho, iliyokuwa moja ya tarafa 7 za mkoa wa Muyinga, sasa iko katika mkoa mpana wa Buhumuza. Tarafa kubwa zina walipakodi wengi zaidi, lakini pia zina shule, masoko na barabara nyingi zaidi za kuhudumia.

Kwa mfanyabiashara anayetaka kujenga, maswali ya msingi ni matatu: msamaha unahusu malipo gani, umewekwa na sheria ipi, na unakoma lini? Kwa wakazi kuna swali la nne: tarafa itafidia vipi fedha ilizosamehe?